Funga Vizuri Kabla Hujaanza Safari



 Leo naomba tutafakari jambo ambalo pengine hujawahi kulisikia likihubiriwa kanisani: kuhama nyumba. Namaanisha kuhama kwenyewe, kwa kenta, magodoro yamefungwa kamba juu na beseni la bafuni linaning'inia pembeni. Usicheke. Mimi somo hili nimelipata kwa uchungu, na nimelikuta pia kwenye Maandiko Matakatifu mahali ambapo sikutarajia.

Mwaka jana, nikiwa likizo, mama yangu alihama. Alikuwa amepanga Tabata kwa miaka mingi, kodi ya miezi sita sita, na hatimaye nyumba yake ya Chanika ikafikia hatua ya kuwa na bati na milango. Madirisha yalikuwa na nondo tu, umeme bado, sakafu bado. Mama akasema, "Bora nikalale kwenye vumbi langu." Baba alifariki wakati nyumba hiyo ikiwa msingi. Kwa hiyo mnaelewa, siku ile hatukuwa tunahamisha vyombo peke yake.

Mimi ndiye mtoto wa kwanza, halafu ni frateri, halafu nina digrii ya filosofia. Basi nikajipa ukamanda. Mdogo wangu wa kike alikuwa jikoni tangu saa kumi na moja alfajiri anafunga sahani na glasi, mimi niko mlangoni naelekeza watu kwa kidole. Dereva wa kenta alikuwa kijana wa rika langu, mpole, na ilionekana kazi yake anaijua. Ndiye aliyesema runinga isilazwe, isimamishwe katikati ya magodoro mawili na kioo kisiguswe na kitu kigumu. Ndiye aliyesema friji lisafiri limesimama. Kabati la vioo alilifunga kamba pande zote mbili, kisha akalitikisa kwa mikono yake kuhakikisha.

Ikabaki sanamu ya Bikira Maria. Ni ya plasta, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Baba aliinunua mwaka waliofunga ndoa, ikabarikiwa, na kila Oktoba jumuiya yetu ilikuwa ikisali rozari mbele yake sebuleni kwetu. Hakuna kitu ndani ya nyumba ile ambacho mama alikipenda zaidi. Dereva akaniambia, "Frateri, hiyo tuifunge kanga, tuilaze kati ya mashuka." Nikamjibu kwa lile tabasamu la msomi, "Usijali kaka, hiyo nitaishika mwenyewe."

Mama akakaa mbele na dereva, mimi nikapanda nyuma na vyombo, sanamu kifuani. Tukapita Gongo la Mboto, tukapita Pugu wanakokwenda kuhiji Wakatoliki wa Dar, mambo safi kabisa. Tulipoiacha lami kuingia mtaani kwetu kupya, tairi likatumbukia kwenye shimo. Kabati likayumba. Nikanyoosha mkono kulizuia, na mkono uliobaki haukutosha. Sanamu ikachomoka, ikapiga kwenye ukingo wa friji. Shingo ikakatika. Vidole vya mkono wa kulia vikasambaa kwenye vumbi la bodi.

Na kabati? Lilikuwa limefungwa. Lisingeanguka hata kama nisingeligusa.

Gari liliposimama nikaruka chini na kumfokea yule dereva mbele ya mama yangu. "Unaendeshaje wewe? Unadhani umebeba ng'ombe?" Hakunijibu. Akafungua bodi, akapanda, akaanza kuokota vipande kimoja kimoja. Mama alikuja taratibu, akavua kanga aliyokuwa amejifunga kiunoni, akaitandaza, akavipokea. Alisema neno moja tu: "Ungeifunga, mwanangu. Kanga si ninazo."

Ndugu zangu, usiku ule nilijaribu kusali nikashindwa, nikaishia kufungua Biblia. Nikakutana na Uza.

Gari jipya na mkono uliochelewa

Wengi mnaikumbuka habari ya Uza katika 2 Samweli 6. Mfalme Daudi anataka kulihamishia Sanduku la Agano Yerusalemu. Linawekwa juu ya gari jipya la kukokotwa na ng'ombe, watu wanaimba na kupiga ngoma, Uza na ndugu yake Ahio wanaliongoza. Wakafika kwenye uwanja wa kupuria nafaka, ng'ombe wakajikwaa. Uza akanyoosha mkono akalishika Sanduku lisianguke, akafa palepale.

Ni andiko gumu, sitaki kujifanya ni rahisi. Daudi mwenyewe alikasirika na kuogopa, akaiacha safari, na Sanduku likakaa miezi 3 nyumbani kwa Obed-edomu. Ukilisoma kwa haraka unabaki unajiuliza: sasa huyu kijana alikosa nini, si alikuwa anasaidia?

Lakini tunaweza kurudi nyuma kidogo. Sanduku lile lilikuwa na utaratibu wake wa kusafiri. Katika Kutoka 25, Mungu anaagiza litengenezwe na pete 4, na miti miwili ya kubebea ipitishwe kwenye pete hizo, na isiondolewe humo kamwe. Yaani hata likiwa limetulia mahali pake, lilikuwa tayari kuhama. Katika Hesabu 4, kila kambi inapohama, makuhani wanatangulia kufunika vyombo vya patakatifu kimoja kimoja: Sanduku kwa pazia, kisha ngozi, kisha kitambaa cha buluu, kinara cha taa kwa kitambaa chake, madhabahu kwa kitambaa chake. Wakishamaliza kufunika ndipo wana wa Kohathi wanaruhusiwa kuja kubeba. Na katika Hesabu 7, Musa alipogawa magari 6 na ng'ombe 12 kwa Walawi, wana wa Gershoni walipewa magari 2 na wana wa Merari magari 4, kwa kuwa walibeba mapazia, mbao na nguzo. Wana wa Kohathi hawakupewa hata moja. Wao mizigo yao ilikuwa ya mabegani.

Sasa hilo gari jipya lilitoka wapi? Ukisoma 1 Samweli 6 utaona kwamba Wafilisti ndio waliolisafirisha Sanduku kwa gari jipya. Wana wa Israeli wakaona njia imefanya kazi, ni ya haraka, wakaiga. Wala Uza hakuwa mgeni wa Sanduku. Lilikaa nyumbani kwa baba yake miaka mingi. Alilizoea, kama frateri anavyoweza kuizoea sanamu, tabernakulo na rozari iliyoko mfukoni.

Basi nikaelewa kitu usiku ule, na ndicho ninachotaka ubaki nacho leo: *kinachovunjika njiani, mara nyingi kilivunjika wakati wa kufunga.* Mkono wa Uza ulikuwa wa mwisho katika mlolongo mrefu wa makosa. Shimo la Chanika halikuivunja sanamu ya mama. Niliivunja mimi, Tabata, saa mbili asubuhi, niliposema nitaishika mwenyewe.

Vyombo unavyohama navyo wewe

Kwa nini nakuambia haya kijana? Kwa sababu wewe ni mtu wa kuhama. Kuna anayetoka Sumbawanga kwenda chuo Dodoma. Kuna anayepanga chumba chake cha kwanza baada ya kupata kazi. Kuna anayeolewa mwezi ujao. Na kila anayehama ana vyombo viwili: vile vya kwenye kenta, na vile ambavyo Mtume Paulo anavitaja katika 2 Wakorintho 4:7, anaposema hazina ya Mungu tumewekewa ndani ya vyombo vya udongo. Chombo cha udongo, ndugu yangu, ni wewe: sala yako, dhamiri yako, usafi wako wa moyo, ile imani uliyopokea kwa bibi yako.

Tunapohama huwa tunasema, "Hayo nitayashika mwenyewe, mimi ni mtu mzima." Halafu barabara inakuwa na mashimo. Naomba nikushirikishe mambo manne niliyojifunza kwa vyombo vya mama, na kila moja lina upande wake wa roho.

*La kwanza: kila kitu kifungwe peke yake.* Mdogo wangu hakuzirundika sahani. Kila moja aliizungushia gazeti, kisha akazisimamisha kwa ubavu ndani ya boksi, kwa sababu sahani zikilazwa moja juu ya nyingine, ya chini inabeba uzito wa zote. Glasi alizijaza karatasi ndani ndipo akazizungushia nje. Vizito chini, vyepesi juu, na boksi si kubwa sana ili mtu mmoja aweze kulibeba bila kulidondosha. Makuhani wa Hesabu 4 nao hawakukusanya vyombo vyote kwenye turubai moja.

Kiroho, usiseme kwa jumla tu, "Nitabaki kuwa Mkristo mzuri." Taja kimoja kimoja. Sala ya asubuhi nitaisali saa ngapi, na mwenzangu wa chumbani atakuwepo? Misa ya Dominika nitaenda parokia ipi? Kitubio nitakwenda lini mara ya mwisho kabla ya kuondoka? Urafiki wangu na huyu binti au huyu kaka, tukiwa mbali na nyumbani mipaka yake ni ipi? Kila kimoja na gazeti lake.

*La pili: usiache nafasi ya kutikisika.* Ukimaliza kufunga boksi litikise kidogo. Likilia, lifungue. Kinachovunja glasi ni ile nafasi iliyobaki, inayoiruhusu ikimbie na kugongana na mwenzake. Mdogo wangu alijaza nafasi hizo kwa taulo, soksi na leso mpaka boksi likanyamaza.

Vijana wengi hawaanguki kwa sababu ya mtu aliyewavamia. Wanaanguka kwa sababu ya Jumamosi tupu, simu mkononi, chumba peke yako, saa nne za usiku zisizo na mpango. Hiyo ndiyo nafasi inayolia. Ijaze mapema: jiunge na kwaya, na jumuiya, na Vijana Wakatoliki wa chuo, fanya mazoezi, tembelea wagonjwa. Si lazima kila kinachojaza kiwe kitakatifu sana. Hata soksi ililinda glasi.

*La tatu: kubali kuelekezwa.* Hapa naungama kabisa. Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapoichambua fadhila ya busara katika Summa Theologiae, anaorodhesha sehemu zake, na mojawapo ni kufundishika, yaani moyo wa kupokea mwongozo kwa waliotutangulia katika mambo ya kutenda. Hilo nililisoma darasani, nikalijibu kwenye mtihani, nikapata alama. Halafu siku ya siku mwalimu akaja amevaa kandambili na ameshika kamba ya manila, nikashindwa kumtambua.

Kila unakohamia kuna mtu anayeijua barabara. Anaweza kuwa katekista asiyejua Kiingereza, mama mwenye nyumba, au kaka wa mwaka wa tatu. Akikuambia, "Mdogo wangu, mtaa ule usiku usipite," au "Kundi lile ni zuri lakini mikopo yao inaumiza," usimpe tabasamu la msomi.

*La nne: hesabu unapotoka, hesabu unapofika.* Hapa ninampenda sana Ezra. Katika sura ya 8 ya kitabu chake anatoka Babeli kwenda Yerusalemu, safari ya miezi 4, akiwa na fedha na dhahabu ya hekalu, pamoja na vyombo 2 vya shaba nzuri iliyong'aa, vyenye thamani kama dhahabu. Aliona haya kumwomba mfalme askari wa kumlinda njiani, maana alishamwambia kuwa mkono wa Mungu uko pamoja na wanaomtafuta. Basi akafanya mambo mawili. Pale mtoni Ahava aliwatangazia watu mfungo, wakamwomba Mungu. Kisha akachagua wakuu 12 wa makuhani, akawapimia kila kitu kwa mizani, akawaagiza wavilinde mpaka vitakapopimwa tena Yerusalemu. Walipofika wakapumzika siku 3. Siku ya nne vyote vikapimwa na uzito wake ukaandikwa.

Mnaona? Ezra alifunga mara mbili: alifunga kwa saumu na alifunga mizigo. Hakusema, "Nimesali, kwa hiyo mizani ya nini?" Wala hakusema, "Nina mizani, sala ya nini?" Kiswahili chetu kimetupa neno moja kwa yote mawili, na mimi nadhani tusiyatenganishe.

Kwa hiyo unapohama andika orodha. Namba kwenye kila boksi na kilichomo. Piga picha nyaya za runinga kabla hujazichomoa. Mtungi wa gesi ufungwe, uchomolewe, usimame. Vyeti, hati ya kiwanja, picha za marehemu na fedha, hivyo usivitie kwenye kenta kabisa, viwe kwenye begi lako la mgongoni. Na friji, hata kama ilibidi lilazwe, likifika lisimamishe na uliache saa kadhaa kabla ya kuliwasha, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Kiroho pia iko hivyo. Ukifika mahali papya usijichomeke kwenye kila soketi siku ya kwanza. Tulia kwanza, kama watu wa Ezra. Kisha kila jioni, kabla hujalala, pima: nilitoka nyumbani na nini, na sasa nina nini? Kanisa linaita hiyo tafuta dhamiri.

Neno la Daudi

Nimalizie na kile ambacho kiliniuma kuliko sanamu.

Katika 1 Nyakati 15 Daudi anajaribu tena kulihamisha Sanduku. Safari hii hakuna gari. Anawaita Walawi, wanajitakasa, wanalibeba mabegani kwa miti yake, kama Musa alivyoagiza. Anawaambia wazi kwamba mara ya kwanza si wao waliolibeba. Lakini anapofika kwenye kosa lenyewe, Daudi anasema kwa wingi: sisi hatukumtafuta Mungu kwa utaratibu wake. Sisi. Mfalme mzima anajiweka ndani. Hamtupii lawama Uza, wala ng'ombe, wala barabara.

Mimi nilisema "wewe". Nilimwambia hivyo kijana aliyenishauri vizuri, mbele ya mzazi wangu, kwa kosa langu mwenyewe. Sanamu ni plasta, ndugu zangu. Heshima ya mtu haina gundi ya dukani. Katika mizigo yote ya siku ile, yeye ndiye aliyekuwa chombo cha thamani ambacho sikukifunga kwa chochote.

Ilinichukua siku tatu kupiga simu. Mara mbili nilibonyeza namba nikakata. Alipopokea nikasema, "Kaka, ni frateri wa Chanika. Kosa lilikuwa langu, ulinishauri nikakataa, halafu nikakufokea. Naomba unisamehe." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Yameisha, Frateri. Mama anaendeleaje? Sanamu mmeipata kuiunga?" Hakuniuliza chochote kuhusu mimi. Ile Jumamosi nikaenda kitubio.

Sanamu imeungwa. Kichwa kimerudi, mstari shingoni unauona ukisogea karibu. Vile vipande vidogo vya vidole ambavyo havikuungika hatukuvitupa jalalani, maana kitu kilichobarikiwa kikiharibika huzikwa au huchomwa kwa heshima. Mama alivizika chini ya mche wa mwembe alioupanda mbele ya nyumba. Oktoba iliyopita jumuiya mpya ya Chanika ilisali rozari mbele ya sanamu ile ile, kwenye sakafu ambayo bado haina saruji.

Kwa wiki hii nakuachia zoezi moja. Kama unahama karibuni, chukua karatasi, gawa pande mbili. Upande mmoja andika vyombo vyako vya kuvunjika. Upande wa pili andika vya rohoni, kimoja kimoja, na mbele ya kila kimoja andika utakifunga kwa nini. Na kama kuna mtu uliyemfokea kwa kosa lako mwenyewe, mpigie leo. Usisubiri siku tatu kama mimi.

Tusali. Ee Mtakatifu Yosefu, wewe uliamka usiku ukamchukua Mtoto na Mama yake ukahamia Misri, nawe hukujiamini kwa nguvu zako bali ulisikiliza ulichoelekezwa. Utuombee sisi vijana tunaohama. Tufundishwe kufunga kabla ya safari, tuhesabu tunapofika, na tusimvunje mtu yeyote njiani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo, Frateri. Tuombeane.